Kushika na Kuachia: Mhadhara wa Umma kuhusu Chaki ya Drili

Tundu la milimita 20 kwenye bamba la chuma ndilo linaloumbua drili nyingi za Itigi. Fundi anayeunda tela huweka biti kubwa ambayo mkia wake umepunguzwa hadi milimita 13 ili uingie kwenye chaki, anaminya swichi, na kwa muda mambo yanakwenda vizuri. Biti inapokaribia kutokea upande wa pili inanasa. Mota inanguruma, chaki inazunguka, biti imesimama. Akiichomoa anakuta mikwaruzo mitatu inayong'aa kwenye mkia, na hukumu inatolewa papo hapo: biti feki.

Mara nyingine hukumu hiyo ni ya haki, maana biti za ovyo hazijaadimika madukani. Lakini ile mikwaruzo inatoa ushahidi wa aina nyingine. Biti haikuvunjika wala ncha yake haikuungua. Iliteleza pale iliposhikwa, na mhadhara huu unahusu pale iliposhikwa.

Itigi ni mji wa Reli ya Kati, magharibi ya Manyoni, kwenye njia panda ya kuelekea Rungwa hadi Chunya. Uchumi wake unawapa mafundi chuma kazi za kila namna: magrili ya madirisha, matela, bodi za malori ya kubebea jasi, pampu za visima, mashine za kukamua alizeti. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo isiyohitaji tundu. Hata hivyo mafunzo ya ufundi huzungumzia zaidi pembe ya ncha ya biti na mwendo wa mota, huku chaki ikipitwa kana kwamba ni kofia tu ya kuzuia biti isianguke.

Hesabu fupi inaonyesha uzito wa kazi yake. Tuseme biti yenye mkia wa milimita 10 inahitaji nguvu ya msokoto ya nyutonimita 10 ili iendelee kukata. Kitu pekee kinachoizuia isiteleze ni msuguano kati ya mkia na taya za chaki, na kwa chuma juu ya chuma makadirio ya tahadhari ni kizio cha 0.15. Kwa hesabu hiyo taya tatu kwa pamoja zinatakiwa zibane kwa nyutoni 13,300 hivi, sawa na uzito wa kilo 1,360. Kila taya inabeba zaidi ya kilo 450. Mkia ukiwa na nusu ya unene huo na kazi ikabaki ile ile, mbano unaohitajika unakuwa maradufu. Ndiyo maana biti ya milimita 20 yenye mkia wa 13 inaadhirika: ncha inakutana na upinzani wa tundu kubwa, mkia unashikwa kama biti ndogo. Akipaka fundi mafuta ya kukatia, yakatiririka hadi kwenye taya, msuguano nao unapungua.

Mafundi wa majahazi wa Pwani waliishi bila tatizo hili kwa karne nyingi. Kekee ya uta, ambayo bado inaonekana Nungwi na Lamu, ni mti unaozungushwa kwa kamba ya uta huku fundi akiukandamiza kwa juu. Biti yake ni chuma kilichopigiliwa ndani ya mti na kubaki humo. Haitelezi kwa sababu haitoki. Fundi anayetaka tundu la ukubwa mwingine anachukua kekee nyingine, na jahazi linalotaka matundu ya misumari ya saizi chache halimletei usumbufu. Kwa karakana ya Itigi, ambako saa moja inaweza kudai tundu la milimita 4, la 8 na la 13, mpango huo haufai. Chaki ilileta uhuru wa kubadilisha biti, na gharama ya uhuru huo ni kwamba kinachoweza kuachia kwa hiari kinaweza pia kuachia bila hiari. Tangu hapo wabunifu wote wa chaki wamekuwa wakitafuta njia ya kupunguza gharama hiyo.

Njia ya kwanza ilikuwa umbo. Mkia wa biti ukichongwa pembe nne, ukaingia kwenye tundu la pembe nne, hauna pa kuteleza. Reli ilipokatiza nyika hii, kati ya 1910 ilipofika Dodoma na 1912 ilipofika Tabora, racheti za mkono za kutobolea reli zilikuwa zikitumika duniani kote, na biti zake zilikuwa na mkia wa pembe nne uliochongoka. Kule Marekani William Barber alikuwa amepata hataza mwaka 1864 ya chaki ya kekee ya mkono yenye taya mbili ndani ya kikombe cha nati: unazungusha kikombe, taya zinakaribiana na kuukumbatia mkia wa pembe nne. Chaki za ukoo huo bado zipo kwenye kekee za maseremala.

Mwaka mmoja kabla ya Barber, Stephen Morse, Mmarekani mwingine, alikuwa ameweka hataza ya biti ya msokoto, ile yenye mifereji miwili inayotoa maranda ya chuma. Jina lake limebaki pia kwenye mkia wenye mchongoko mdogo sana, takriban 1 kwa 20, unaosukumwa ndani ya tundu lenye mchongoko huo huo. Vyuma hivyo viwili hung'ang'aniana kama vikombe vya plastiki vilivyopandishana. Kadiri biti inavyokandamizwa ndivyo mkia unavyozama na kubana, na ili kuutoa inabidi kupigilia kabari kwenye tundu la ubavuni. Drili kubwa za kusimama na mashine za kukereza zinautumia hadi leo. Masharti yake ni usafi tu: mchongoko uwe mkavu, usiwe na grisi wala chembe ya chuma. Fundi anayeupaka mafuta kwa nia njema ya kuzuia kutu anashangaa chaki nzima ikimdondokea miguuni.

Chaki anayoifahamu kila fundi wa Itigi ilitoka kwa Arthur Jacobs wa Hartford, Connecticut, aliyepata hataza yake mwaka 1902 na kuanzisha kiwanda mwaka uliofuata. Inasimuliwa kwamba alianza kuifikiria baada ya kujichubua vifundo vya vidole kwa spana akikaza chaki ya aina ya zamani. Ukiifungua unakuta taya tatu ndani ya matundu matatu yaliyoinama kuelekea katikati. Mgongoni taya zina hesi. Hesi hizo zimeshikwa na pete iliyogawanyika vipande viwili, na pete imefungiwa ndani ya kola ya nje yenye meno. Ufunguo wenye meno machache unazungusha kola yenye meno mengi. Kola inaizungusha pete. Pete inazisukuma taya mbele. Na kwa kuwa matundu yameinama, taya haziwezi kwenda mbele bila kusogeleana. Hatua hizo zote zinaikuza nguvu ya mkono, na mkono wa mtu mzima unaweza kutoa mbano wa mamia ya kilo bila jasho.

Jacobs aliweka matundu matatu ya ufunguo, na hapa ndipo fundi mwenye haraka anapokosea. Tundu moja likikazwa peke yake, pete inavutwa zaidi upande mmoja, na sehemu ya nguvu inaishia kwenye msuguano wa ndani. Kola ikizungushwa na ufunguo ukakazwa kwenye tundu la pili, halafu la tatu, robo ya mzunguko huongezeka mara nyingi, na robo hiyo ndiyo inayoamua kama biti itateleza.

Udhaifu wa Jacobs ni kwamba mbano wake ni ule uliotolewa na mkono kabla ya kazi kuanza. Kazi ikiwa ngumu kuliko ilivyotarajiwa, chaki haina cha kuongeza. Zile zisizo na ufunguo ni za aina mbili tofauti, na sokoni zinachanganywa, ingawa ni moja tu inayojibu hoja hiyo. Chaki ya chuma iliyoundwa ijikaze yenyewe inatumia upinzani wa biti kuzisukuma taya mbele zaidi, hivyo kazi ikiwa nzito nayo inabana zaidi. Ni kifaa kizuri, cha bei, na mota ikirudishwa nyuma kinaweza kulegea. Ile ya plastiki inayokuja na drili ndogo za betri ni kitu kingine: mbano wake ni wa kiganja, na kiganja hakina meno ya kukikuzia nguvu. Kwa skrubu za mbao inatosha. Kwa bamba la tela haitoshi, hata muuzaji aisifie vipi.

Zege lilidai ubunifu wa peke yake. Drili ya nyundo ikitetemesha chaki ya taya tatu, mtetemo unailegeza pete na kuzila taya. Mwaka 1975 kampuni ya Bosch ilileta mfumo wa SDS, na mantiki yake inashangaza kwa mtu aliyezoea kukaza: biti haibanwi kabisa. Mkia wa milimita 10 una mifereji minne. Miwili iliyo wazi hadi mwisho inapokea mzunguko; miwili iliyofungwa inashikwa na vidude vya chuma ili biti isitoke, lakini inaachiwa icheze mbele na nyuma. Nyundo iliyo ndani inaugonga mkia moja kwa moja badala ya kuigonga chaki nzima. Mafundi umeme wanaotoboa kuta wanaijua raha yake. Kutoboa chuma kwa mfumo huo si busara, kwa sababu ule uhuru wa kucheza unalifanya tundu lisiwe sahihi.

Usahihi wenyewe ni suala la uhai mahali pengine. Itigi ina Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, ya Wamisionari wa Damu Azizi, inayohudumia wagonjwa tangu 1989 katika ukanda wenye barabara kuu na bodaboda, kwa hiyo na mifupa iliyovunjika. Daktari wa mifupa hutoboa mfupa kabla ya kufunga skrubu, na chaki anayoitumia, ya umeme au ya mkono yenye mpini wa herufi T, kwa kawaida ni ya ukoo wa Jacobs. Utafiti wa Eriksson na Albrektsson wa mwaka 1983 ulionyesha kwamba mfupa ukipashwa joto la nyuzi 47 kwa dakika moja unaharibika. Biti inayoyumba kwenye chaki iliyochakaa inasugua kuta za tundu, inaongeza joto na kulipanua tundu, kisha skrubu inakosa pa kushika.

Drili za upasuaji ni ghali mno. Uganda, katika Hospitali ya Mulago, suluhisho lilitoka kwenye ushirikiano na Chuo Kikuu cha British Columbia cha Kanada katika muongo wa 2010: drili ya kawaida ya dukani inafungiwa ndani ya mfuko wa kitambaa unaochemshwa kwa mvuke kuua vijidudu. Ugumu wote ulikuwa mdomoni mwa mfuko, kwa kuwa mzunguko lazima utoke nje bila vijidudu kutoka nao. Jibu likawa chaki ya chuma iliyozibwa, inayounganisha drili chafu ya ndani na biti safi ya nje. Wahandisi walipofika kwenye kiini cha tatizo hawakuigusa mota, waligusa chaki.

Upande wa kaskazini, Mang'onyi wilayani Ikungi, mgodi wa Shanta Gold ulianza kutoa dhahabu mwaka 2023. Kabla ya mgodi wowote wa aina hiyo hutangulia mashine za utafiti zinazochimba sampuli za mwamba kwa fimbo tupu za chuma. Fimbo za saizi ya NQ zina kipenyo cha milimita 69.9 na uzito wa karibu kilo 8 kwa mita. Mita 300 zikining'inia shimoni ni zaidi ya tani 2. Chaki ya mashine hizo huzishika fimbo kwa msuguano tu, kama ile ya karakanani. Katika miundo ya kisasa taya zinasukumwa na gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa, na mafuta ya haidroli yana kazi ya kuzifungua. Bomba la mafuta likipasuka, chaki inabaki imefumba. Mbunifu aliamua kwamba kushika ndiyo hali ya kawaida, na kuachia kunahitaji ruhusa.

Kwa karakana ya Itigi yenye vumbi, umeme unaoyumba na vipuri vinavyosubiri basi la kutoka Singida au Dodoma, chaki ya chuma ya ufunguo inabaki chaguo bora, mradi itunzwe. Biti kubwa inayoteleza inaweza kusagwa bapa tatu kwenye mkia kwa grenda, zilingane na taya. Chaki iliyojaa vumbi la chuma ioshwe kwa mafuta ya taa ikiwa imefunguliwa mdomo, ikaushwe, ipakwe mafuta mepesi kidogo kwenye hesi, kamwe si usoni mwa taya. Ufunguo utolewe kabla ya swichi kuguswa, maana ukisahauliwa huruka kwa kasi ya mota.

Taya zikishaliwa, chaki inabadilishwa. Kwenye drili za mkono zinazorudi nyuma, ndani kabisa ya koo lake kuna skrubu moja inayofichwa na giza na uchafu. Hesi yake ni ya kushoto: inafunguliwa kwa kuzungushwa upande ambao skrubu nyingine zote hukazwa. Ikishatoka, chaki yenyewe inafunguliwa kwa njia ya kawaida, kwa kubana ufunguo mnene wa pembe sita kwenye taya na kuupiga kwa nyundo kuelekea kushoto. Asiyejua habari ya skrubu hukaza akidhani anafungua, hadi kichwa chake kinapokwisha, na skrubu ya namna hiyo haitoki tena ila kwa kutobolewa kwa drili ya jirani.