Nauli ya Kwenda Kupimwa

(Mazungumzo ya Kamati ya Mfuko wa Jamii, siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi)

 

Wenzetu wa hesabu wameshasoma habari za hisa na mikopo, na makofi wameyapata. Sisi wa mfuko wa jamii tunalo moja tu, tena linahusu sehemu ambayo wengi tunaona haya kuitaja mbele za watu. Ni saratani ya matiti, hasa kwa sisi tuliovuka miaka 50.

Kwa nini sisi wakubwa? Kwa sababu ugonjwa huu huongezeka jinsi umri unavyoongezeka, na wakati huohuo ndipo sisi tunapoacha kwenda kliniki. Tulikuwa tunakwenda na mimba, kisha na mtoto mgongoni. Mtoto alipokua, kliniki nayo ikaisha. Tangu hapo hakuna nesi wala daktari aliyetutazama kifua. Tunadhani titi likishamaliza kunyonyesha limestaafu. Jamani, halijastaafu.

Mwaka 2022, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, wanawake milioni 2.3 waligundulika kuwa na saratani hii duniani, na watu 670,000 walikufa kwayo. Shirika hilo linasema pia kwamba karibu nusu ya wagonjwa hawana sababu yoyote inayojulikana, isipokuwa kuwa mwanamke na kuvuka miaka 40. Kwa hiyo asiwepo wa kusema, "Kwetu hakuna aliyeugua, mimi hainihusu."

Hapa tuondoe na maneno ya mtaani. Wapo wanaosema saratani inaletwa na kuweka pesa kwenye sidiria. Kama ingekuwa hivyo, kikundi chetu kizima kingekuwa wodini! Pesa haileti saratani. Titi halirogwi. Na sindano ya kuchukua kinyama cha kupima haisambazi ugonjwa. Ndiyo inayoonyesha ni kitu gani, ili dawa itolewe ya kweli na si ya kubahatisha.

Dalili zenyewe ni hizi: uvimbe kwenye titi au kwapani, titi moja kubadilika umbo au ukubwa, ngozi kubonyea, au kuwa na vitundu kama ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa nje kuingia ndani, chuchu kutoa damu au majimaji, kidonda au ukurutu wa chuchu usiopona. Mkumbuke sana hili: uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni. Sisi tumezoea kwamba kisichouma si ugonjwa, na hapo ndipo tunapopotezea miezi. Si kila uvimbe ni saratani, mwingi si saratani. Lakini anayejua tofauti ni mwenye kipimo, si jirani.

Kila mtu aujue mwili wake. Aliyekoma hedhi achague siku moja ya mwezi, ajitazame kwenye kioo na kujipapasa wakati wa kuoga. Anayepata hedhi bado afanye hivyo siku chache baada ya kumaliza. Kujipapasa hakuchukui nafasi ya hospitali. Kunakusaidia kutambua kilichobadilika. Kila ukienda zahanati kwa presha au sukari, mwombe nesi au daktari akutazame na matiti. Uingereza, mathalani, wanawake huitwa kupigwa eksirei ya matiti kila baada ya miaka 3, kuanzia miaka 50 hadi wanapotimiza 71, hata kama hawana dalili. Kwetu mashine hizo hazijaenea, ndiyo maana macho yetu na mikono ya wauguzi ina kazi kubwa zaidi.

Ukikuta badiliko, anzia zahanati au kituo cha afya, uombe barua ya kwenda hospitali kubwa. Huko watakupapasa, watakupiga altrasaundi au eksirei, na watachukua kinyama kidogo kwa sindano. Ikionekana ni saratani, matibabu yapo nchini: Taasisi ya Saratani Ocean Road kule Dar es Salaam, Bugando Mwanza na KCMC Moshi.

Katika nchi tajiri, zaidi ya wanawake 90 kati ya 100 huwa hai miaka 5 baada ya kugundulika. Afrika Kusini ni kama 40. Tofauti kubwa ni kuchelewa kugundulika na kuchelewa kupata tiba. Shirika la Afya Duniani linataka jibu lipatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike mara ya kwanza kwa mhudumu. Kwetu tunaokutana kila Jumamosi, siku 60 ni vikao 8 na siku chache. Vikao 8 vinapita upesi, hasa kama mwenzetu anasubiri auze kuku apate nauli.

Sasa ombi letu. Katiba yetu inautaka mfuko utoe rambirambi na pesa ya aliyelazwa. Hiyo ni sawa, na iendelee. Lakini sanda tunanunua siku hiyohiyo bila kuuliza, nauli ya kwenda kupimwa haina kifungu. Tunaomba kikao kijacho tupige kura kiongezwe kifungu hiki: mwanachama mwenye dalili apewe nauli yake na ya wa kumsindikiza, pamoja na pesa ya kipimo. Isiwe mkopo. Asisimamishwe mbele ya kikao kueleza kifua chake; amwambie mjumbe mmoja wa kamati, yatosha, na mjumbe afunge mdomo.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wale wote tuliozaa tuliwahi kuvua mbele ya mkunga bila haya, kwa sababu tulitaka mtoto. Sasa tuvue kwa ajili yetu wenyewe. Wajukuu wanatuhitaji, na sanduku hili lenye kufuli tatu linatuhitaji.

Wageni wetu, mkitaka kutuunga mkono leo, changieni mfuko huu. Na nyie akina baba mliokuja, mama wa nyumbani akisema ameona kitu, msimwambie asubiri mavuno.