Saa za Nyumbani: Kuchagua Mtaa wa Kulea Familia Dar es Salaam



Wengi wenu mmefika hapa mkitokea kazini moja kwa moja, na tukimaliza bado mna gari la kupanda, pengine magari mawili. Kwa hiyo hoja yangu naitoa mapema. Familia ya Dar es Salaam inapotafuta mahali pa kuishi huuliza kwanza bei: kiwanja shilingi ngapi, kodi ya mwezi shilingi ngapi. Swali hilo ni la haki, ila halitoshi. Fedha ikipungua huweza kukopwa. Saa ikishapotelea barabarani hairudi. Na saa ninazozungumzia si za baba peke yake. Naomba tujifunze kuchagua mtaa kwa kuhesabu saa za kila anayelala chini ya paa lile, tukianza na mdogo kuliko wote.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu. Ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Kwa miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya milioni moja, na wengi hawakupata nafasi Upanga wala Kariakoo. Wamekwenda Goba, Madale na Bunju; Kivule, Chanika na Msongola; Chamazi, Toangoma na Kibada. Wengine wamevuka mpaka wa mkoa wakajenga Kibaha, Kisarawe na Mkuranga, lakini kila asubuhi wanarudi huku huku.

Wanarudi kwa sababu kazi hazikuhama pamoja nao. Ofisi na mabenki yako Posta, biashara iko Kariakoo, bandari iko Kurasini, viwanda vingi vimepangana kandokando ya Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road. Mji wetu umekua kwa kufuata barabara nne: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa. Zote zinakusanyikia katikati. Zinazokatisha kutoka upande hadi upande ni chache, na mzigo mkubwa umebebwa na Mandela pamoja na Sam Nujoma. Mtu wa Chamazi aliyepata kazi Tegeta hana njia fupi. Analazimika kuingia mjini au kuuzunguka mji, kwenda na kurudi.

Haikuwa lazima iwe hivi, na mfano tunao hapa hapa nyumbani. Katika miaka ya 1970 serikali ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikachonga barabara, ikapeleka maji, ikatenga maeneo ya shule na soko, kisha ikawaachia wananchi wajenge wenyewe kwa uwezo wao. Viwanja vilikuwa vidogo. Hata leo, pamoja na kelele za baa na msongamano wa magari, mtoto wa Sinza anaweza kwenda shule kwa miguu na mama yake akafika sokoni bila kupanda bodaboda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaja mradi wa viwanja 20,000, uliopima maeneo kama Mbweni, Bunju, Kibada, Mwanagati na Buyuni. Ulikuwa na faida yake: watu walipata viwanja halali, vyenye mipaka na hati. Lakini viwanja vilikuwa vikubwa, viko mbali, na ajira haikupelekwa huko. Tulipanga mahali pa kulala, safari ya asubuhi tukamwachia kila mtu ajitafutie.

Safari hiyo ina uzito gani? Mwaka 1994 mtafiti wa Kiitalia, Cesare Marchetti, akiendeleza kazi ya Yacov Zahavi, alieleza kwamba tangu zamani binadamu wamekuwa wakitumia takriban saa moja kwa siku kusafiri, wawe wanatembea kwa miguu kijijini au wanapanda treni mjini. Chombo kikiongezeka kasi, watu hawabaki na muda wa ziada. Huhamia mbali zaidi. Aliyeona miji ya Juja na Ruiru, nchini Kenya, ilivyojaa nyumba baada ya barabara ya Nairobi hadi Thika kupanuliwa mwaka 2012 atamwelewa Marchetti bila shida.

Sasa mfikirie mfanyakazi wa Dar es Salaam anayetumia saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Hao si wachache, na naamini wengine wamo ukumbini humu. Saa nne kwa siku, mara siku 22 za kazi, ni saa 88 kwa mwezi. Zigawe kwa siku ya kazi ya saa nane: ni siku 11. Mtu huyu anafanya mwezi na nusu wa kazi kila mwezi, na ile nusu halipwi. Yeye ndiye anayeilipia nauli. Wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey, waliochunguza takwimu za Ujerumani na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008, walitarajia kwamba anayesafiri mbali angekuwa amefidiwa kwa nyumba nzuri zaidi au mshahara mkubwa zaidi. Hawakukuta hivyo. Kadiri safari ilivyokuwa ndefu, ndivyo watu walivyoeleza kuridhika kidogo na maisha yao. Ikiwa ni hivyo kwa watu wanaosafiri kwa ratiba na treni zao, tumfikirie wetu anayesafiri kwa mguu mmoja mlangoni.

Twendeni kituoni tukaone. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwenye kituo cha katikati ya njia, abiria wa mjini hawasimami upande wa kwenda mjini. Wamevuka barabara. Wanapanda daladala inayokwenda kinyume, mpaka mwisho wa njia, ili igeuke wakiwa tayari wamekaa. Wanaita kugeuza na gari, na wanalipa nauli mara mbili kwa kiti kimoja. Mwanamke mjamzito anageuza. Mama mwenye mtoto mgongoni anageuza. Mwanafunzi hana uwezo huo: nauli yake ni shilingi 200, na konda anajua kwamba nafasi anayochukua mwanafunzi ingemwingizia zaidi ikichukuliwa na mtu mzima. Kwa hiyo mtoto aliyevaa sare anasukumwa pembeni, magari matatu manne yanapita, na shuleni atahesabiwa mchelewaji.

Wazazi wenye uwezo kidogo wanamkwepesha mtoto adha hiyo kwa kumwandikisha shule yenye basi. Lakini basi lina watoto wengi wa kuwapitia, na anayekaa mbali huchukuliwa kwanza na kurudishwa mwisho. Mtoto wa chekechea anaamshwa saa kumi alfajiri, anavalishwa akiwa usingizini, anapakiwa gizani, anarudi jua limetua. Mtoto wa miaka minne ana siku ya kazi ndefu kuliko ya mhasibu. Jambo hili linaniuma, na sioni kiwanja chenye ukubwa wa kulifidia. Ule uwanja wa kuchezea tulioufuata mbali, anauchezea saa ngapi?

Nimesema bei ni swali la haki, basi tuimalize bei. Tuchukue mfano, na ni mfano tu. Familia inaacha vyumba viwili vya shilingi 300,000 kwa mwezi karibu na mjini, inahamia nyumba ya shilingi 150,000 pembezoni. Imeokoa 150,000. Baba na mama kila mmoja anaongeza shilingi 3,000 za usafiri kwa siku, kwa sababu kuna daladala ya pili, na kuna bodaboda ya kutoka barabara kuu hadi ndani. Kwa siku 22 hizo ni 132,000. Bado basi la shule. Bado chakula cha mchana cha mtoto ambaye zamani alirudi kula nyumbani. Bado dada wa kazi, ambaye sasa lazima awepo kwa sababu hakuna mzazi anayefika kabla ya saa mbili usiku. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na hesabu hii inawaunga mkono.

Najua mtakavyonijibu: kwangu ni kwangu. Nyumba ya kupanga ina mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ina dalali anayedai ya mwezi mmoja juu yake, ina ugomvi wa luku na wa kufagia uani. Kiwanja kina heshima, na ni akiba kwa watu wasio na pensheni ya maana. Sipingi hata neno moja. Ninachopinga ni ile haraka ya kuhamia. Nunua kiwanja Mwanagati kama umejaliwa, hakikisha ramani na hati yake, panda miti, jenga msingi polepole. Lakini wakati watoto wako wadogo, kaa karibu, hata kama ni vyumba viwili vya kubanana. Hiyo miaka ndiyo wanayokuhitaji jioni. Watakapokwenda sekondari na kuweza kujisafirisha, nyumba itakuwa imeezekwa.

Karibu na wapi? Hapa wengi hukosea kwa kuchagua mtaa kwa kazi moja tu. Nyumba nyingi sasa zina watafutaji wawili, na kazi huhama: mwaka 2016 serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, maelfu ya watumishi waliojenga kwa kufuata ofisi zao walibaki na nyumba upande mmoja na kazi upande mwingine wa nchi. Kwa hiyo mimi napendelea mtaa ambako njia zinakutana kuliko ulio mwisho wa njia. Mtu wa Tabata, aliye karibu na Barabara ya Mandela, ana njia ya kwenda Buguruni na bandarini, Ubungo na Mwenge, Kariakoo na Posta. Mtu wa Magomeni au wa Kimara ya karibu na kituo ana mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza Mei 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Yana msongamano na yana malalamiko mengi, na malalamiko hayo ni ya kweli. Hata hivyo, sehemu kubwa ya njia yao haiingii kwenye foleni ya magari mengine. Kigamboni ilisogea mwaka 2016 daraja la Nyerere lilipofunguliwa, ila bado familia inategemea pantoni au daraja, na kimoja kati ya hivyo kikikwama, kingine kinaelemewa.

Ukishapata mtaa wa kufikiria, usiende kuutazama Jumapili mchana pamoja na dalali. Jumapili kila mtaa uko karibu na mjini. Nenda Jumatatu alfajiri, usimame kituoni, upande gari hadi mlangoni pa kazi yako kama vile umeshahamia. Rudi tena masika. Tazama kuta za nyumba za jirani kama zina mstari wa matope, na milango kama imejengewa kizingiti cha matofali au kuwekewa viroba vya mchanga. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliyowahamisha watu wa bonde la Msimbazi hadi Mabwepande yalitufundisha kwa machungu, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Habari za maji muulize mama anayeuza gengeni, siyo anayekuuzia nyumba. Atakuambia yanatoka siku zipi, na kama kisima kina chumvi. Fika shule ya msingi, uone mtoto atavuka barabara gani ili aifikie. Barabara ya Morogoro baada ya Kimara imepanuliwa kuwa njia nane. Kwa dereva hiyo ni nafuu. Kwa mtoto wa darasa la kwanza ni mto mpana.

Uliza pia juu ya usiku. Mtoto akipata homa saa nane za usiku na mvua inanyesha, bajaji itafika mlangoni? Kituo cha afya kilicho karibu kiko wazi saa hizo? Maswali haya huulizwa na akina mama, na naona aibu kwa namna familia nyingi zinavyowashirikisha mwishoni, baada ya baba kulipa kishika uchumba cha kiwanja. Anayetoka nyumbani wa kwanza na kurudi akipitia sokoni ndiye anayepaswa kuwa na neno zito.

Lakini siwezi kuwatwisha wazazi mzigo wote. Familia inachagua kutoka katika kile ilichowekewa mezani, na mezani hapajajaa. Magomeni Kota kaya 644 zimerudishwa kwenye maghorofa yaliyozinduliwa mwaka 2022, dakika chache kutoka Kariakoo. Hilo ni jambo jema na linaonyesha kwamba inawezekana. Tunahitaji mengi ya aina hiyo, kwa kodi ambayo mwalimu na nesi wanaimudu. Reli inayopita Pugu tayari ipo, na treni za mjini zilizoanza Oktoba 2012 zilionyesha kwamba abiria wapo. Shirika la usalama barabarani la Amend limeweka matuta, vivuko na njia za miguu mbele ya shule za mji huu kwa gharama ndogo. Ninawaomba wenye mamlaka ya mipango miji: kila eneo jipya linapopimwa, shule, zahanati, soko na kituo cha basi vitangulie, na kiwanja cha kwanza kiuzwe vikishakuwepo. Na konda anayemwacha mtoto kituoni achukuliwe hatua, kila siku, siyo wiki ya ukaguzi tu.

Nanyi wazazi, kabla hamjamlipa dalali, kaeni na watoto wenu mezani, muandike kila mmoja ataamka saa ngapi na atarudi saa ngapi. Karatasi hiyo ikionyesha kwamba hakuna saa hata moja ya jioni ambayo nyote mtakuwa nyumbani mkiwa macho, tafuteni mtaa mwingine.