Zana Zinapobaki Nchi Kavu: Mazungumzo na Wavuvi wa Ziwa Tanganyika Katika Kipindi cha Kufungwa kwa Uvuvi



Tangu mwaka 2024, upande wa Tanzania ulipofungwa kwa mara ya kwanza kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, mengi yamesemwa kuhusu samaki wanaopaswa kuachwa wazaliane na kukua. Sisi tumekuja kuzungumzia kinachobaki nchi kavu. Miezi mitatu inatosha kabisa kuua betri nzima ambayo haikuwasha taa hata usiku mmoja.

Malalamiko yanayotufikia ziwa linapofunguliwa hufanana. Mwenye boti hudai kwamba ameuziwa betri mbovu. Muuzaji hujibu kwamba betri iliachwa bila chaji. Tuseme kweli, mara nyingi muuzaji huwa na hoja. Betri ya risasi na asidi hupoteza chaji yenyewe, hata kama haikuunganishwa na chochote. Ikikaa tupu, salfeti hugandamana kwenye bamba zake, na ikishakomaa hakuna chaja itakayoiondoa. Kwa hiyo ichajiwe hadi ijae kabla ya kuwekwa, nyaya zifunguliwe, kisha ipimwe kila mwezi. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika kwa saa kadhaa husoma takriban volti 12.6; ikishuka chini ya 12.4, irudishwe kwenye chaji. Isichajiwe chumbani wanamolala watoto wala karibu na jiko, kwa kuwa gesi inayotoka humo hulipuka kwa cheche ndogo.

Jambo jingine ni la jina tu, lakini limegharimu wengi. Mtu huagiza "maji ya betri" dukani akapewa asidi. Betri inayotumika, maji yake yakipungua, huongezewa maji yaliyokenekwa, yaani yaliyoondolewa chumvi zote. Asidi hapana, na maji ya ziwani hapana. Someni maandishi ya chupa kabla ya kulipa.

Kuhusu mashine tutakuwa wafupi, maana mafundi wenu wanaijua kuliko sisi. Petroli isiachwe kwenye kabureta, kwa sababu hugeuka utomvu na kuziba njia. Oili ya giaboksi ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili imechoka. Afadhali ijulikane Juni kuliko usiku wa kwanza wa Agosti, mbali na ufuko. Nyavu zioshwe, zikaushwe, zikunjwe mahali pasipo jua wala panya. Nailoni haiozi kama pamba, lakini jua huila polepole.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni jaketi okozi. Tumeyaona yamegeuzwa mito ya kukalia, na ghalani yakilazwa chini ya lundo la nyavu kwa miezi. Povu lililobanwa namna hiyo hunywea, na jaketi huendelea kuonekana jaketi huku nguvu yake ya kuelea imepungua. Yatundikwe kivulini. Kabla ya ufunguzi, kila mvuvi alivae lake, aingie kwenye maji ya kifuani akiwa na mwenzake, ainue miguu. Kama haliweki kinywa chake juu ya maji, halitamsaidia pepo za kusini zinapovuma. Vuteni pia mikanda kwa nguvu: uzi uliopaushwa na jua hukatika kimya kimya. Jaketi lililoshindwa lichanwe, lisiuzwe kwa jirani.

Sasa ununuzi. Kwa plagi, kamba, maboya na majaketi, tunashauri mnunue mapema, kwa kuwa wiki ya mwisho haraka humfanya mtu asikague, na bidhaa bandia hupenda haraka. Kwa betri ni kinyume chake. Dhamana kwa kawaida huanza siku ya kununua, wala si siku ya kuwasha taa. Anayenunua Mei kwa matumizi ya Agosti amekwisha kula miezi mitatu ya dhamana yake. Kama bei ya Mei ni nzuri mno kuachwa, mwombeni muuzaji aandike kwenye hati kwamba dhamana inaanza Agosti. Akikubali kwa mdomo tu, hesabuni kwamba hajakubali. Daini risiti ya EFD inayotaja aina ya bidhaa, kwani risiti iliyoandikwa "vifaa" peke yake hutufunga mikono mnapokuja kulalamika. Wino wake hufifia, hivyo ipigeni picha siku hiyohiyo.

Wenzetu wawili wapo kwenye meza ile chini ya mwembe na kipimo cha volti. Aliyekuja na betri yake aipeleke. Kupima ni bure.