Seva Ikianguka, Chanzo Kitafutwe Kwanza



Seva ikizimika saa nne asubuhi, anayeumia kwanza ni mfanyabiashara aliyefunga kibanda chake aje kulipia leseni, akaambiwa arudi kesho. Kesho hiyo ni nauli nyingine na siku nyingine bila mauzo.

Programu za kuendesha seva kutoka mbali zina faida kubwa: fundi aliye makao makuu hurekebisha hitilafu bila kusafiri. Hata hivyo, baadhi yake huweka draiva ya skrini ndani kabisa ya mfumo. Draiva hiyo ikigongana na nyingine, seva nzima huanguka na skrini kugeuka buluu.

Kwanza, fundi asiwashe na kuzima ovyo. Aandike saa ya tukio, kisha kwenye Windows afungue Event Viewer na kusoma yaliyorekodiwa dakika chache kabla. Faili ya MEMORY.DMP, ambayo kwa kawaida huwa ndani ya folda ya Windows, ikichunguzwa huweza kuonyesha draiva iliyohusika.

Pili, atazame ni nani bado wako ndani. Anayefunga dirisha tu huwa hajatoka. Kazi zake huendelea kula kumbukumbu ya seva mpaka ielemewe. Vikao vilivyoachwa viwekewe muda wa kukatika.

Tatu, kabla ya kuondoa au kusasisha programu, nakala ya akiba iwepo, na mtu awe mbele ya seva yenyewe. Ukikata njia ya mbali ukiwa mbali, umejifungia nje. Libadilishwe jambo moja, litazamwe, ndipo lifuate jingine. Yakibadilishwa matano pamoja, hakuna atakayejua lililoponya.

Nne, kuanguka kwaweza kuwa dalili ya uvamizi. Mei 2019 Microsoft ilitoa marekebisho ya dosari ya BlueKeep katika huduma yake ya Remote Desktop. Mwaka huo huo, majaribio ya wavamizi kuitumia dosari hiyo yaliangusha kompyuta kwa skrini ya buluu. Kwa hivyo marekebisho yawekwe mapema, na mlango 3389 usiachwe wazi kwenye intaneti.

Kuwasha upya hurudisha huduma kwa leo. Kujua chanzo ndiko kunakomwokoa mwananchi na safari ya kesho.