Bibi Bernadette Devlin wa Ireland

Twasikia wakisema, "Mtoto huyu ataweza nini?" Basi tumtazame Bibi Bernadette Devlin, mzaliwa wa Cookstown, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1947. Yatima wa baba na mama, alichaguliwa kuingia Bunge la Uingereza Aprili 1969, naye ana miaka 21. Mwaka 1970 alifungwa kwa ghasia za Derry. Januari 1972 askari waliwaua raia mjini humo. Aliyaona kwa macho yake, akanyimwa ruhusa ya kusema Bungeni, akamzaba kofi Waziri. Kofi hatulisifu, lakini mjumbe akizibwa mdomo, waliomtuma ndio waliozibwa. Kiti alikipoteza 1974, imani yake hakuipoteza. Sisi wenye maduka twajua: mizani haiulizi umri, hupima uzito.