Mchezaji Huyu Apewe Alama Ngapi?

(Mazungumzo yaliyotolewa baada ya chakula cha jioni katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze usiku huu aliniachia hiari ya kuchagua jambo la kusema, ila alitoa masharti mawili: nisiguse siasa, wala nisizidi robo saa. Nimechagua mpira. Najua wapo watakaosema kwamba nimeruka majivu nikakanyaga moto, maana ukumbi huu una watu wa Simba na watu wa Yanga, na katika meza ile ya mbele nawaona ndugu wawili ambao tangu kidato cha pili hawajapata kukubaliana. Lakini sikuja kusema timu ipi ni bora. Nimekuja kuzungumza juu ya ule mchezo wa pili, unaoanza refa anapopuliza kipyenga cha mwisho: mchezo wa washabiki kuwapa wachezaji alama.

Nyote mnaufahamu. Watu hawajafika hata kituo cha basi, mmoja anasema, “Golikipa nampa saba.” Mwenzake anaruka: “Saba! Kwa lipi? Mpe nne, na hapo umemhurumia.” Wa tatu anasema winga wa kulia apate sufuri kwa sababu hakuonekana, na wa nne anajibu kwamba asingeonekana vipi, hali kila mpira ulipelekwa kushoto? Hapo chai itapoa na basi litaondoka. Mimi nimekula chaki kwa miaka mingi na kusahihisha madaftari yasiyo na idadi, kwa hiyo neno “alama” likitajwa masikio yangu husimama. Nimeketi na washabiki hao mara nyingi, na ninaloliona ni hili: wanafanya kazi ya mwalimu bila ya kuwa na mwongozo wa kusahihishia.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Kule Italia magazeti kama La Gazzetta dello Sport huchapa baada ya kila mechi orodha ya wachezaji wote na alama zao juu ya kumi, na orodha hizo huitwa pagelle, yaani kwa jina lile lile la ripoti ambayo mtoto wa shule huipeleka nyumbani kwa wazazi. Sita ndiyo alama ya kufaulu, kama ilivyo katika madarasa yao. Ujerumani nako jarida la Kicker hutoa alama toka moja hadi sita, kama shule za huko. Ila kwao moja ndiyo bora, na sita ni kuanguka kabisa. Basi mchezaji aliyepata sita mjini Milano amefaulu, na aliyepata sita mjini Munich afadhali asitoke nyumbani siku hiyo! Nawaomba mlishike jambo hilo: tarakimu peke yake haisemi kitu mpaka ujue nani ameitoa, na kwa kipimo gani.

Sasa niwape mifano miwili, na yote miwili ina Kameruni ndani yake, ili msije mkasema nimekwenda mbali sana na Afrika.

Wa kwanza ni wa mwaka 1982, Kombe la Dunia lilipochezwa Hispania. Italia ilikuwa na mshambuliaji aitwaye Paolo Rossi, aliyekuwa amerudi uwanjani wiki chache tu kabla yake, baada ya kufungiwa miaka miwili kwa kesi ya kupanga matokeo. Katika mechi tatu za mwanzo Italia ilitoka sare zote: 0–0 na Poland, 1–1 na Peru, na 1–1 na Kameruni. Rossi hakufunga hata bao moja. Magazeti ya kwao yalimrarua yeye na wenzake, hata wachezaji wakaamua kutozungumza na waandishi wa habari. Walipowafunga Argentina 2–1 Rossi hakufunga tena. Kama mwalimu wa timu, Enzo Bearzot, angefuata alama za magazeti, kijana yule angekaa benchi. Hakuzifuata. Tarehe 5 Julai, mjini Barcelona, Rossi aliwafunga Brazili mabao matatu na Italia ikashinda 3–2. Katika nusu fainali akawafunga Poland yote mawili. Katika fainali dhidi ya Ujerumani Magharibi akafungua mlango kwa bao la kwanza, Italia ikashinda 3–1, naye akawa mfungaji bora kwa mabao sita.

Je, alama za Juni zilikuwa za uongo? Hapana, ndugu zangu. Huenda zilikuwa za haki kabisa: kijana alikuwa mzito na hakuwa na pumzi ya mechi. Kosa lilikuwa kwa wale waliochukua alama ya dakika tisini wakaifanya cheti cha maisha.

Tena sikilizeni. Siku ile ya Brazili, dakika za mwisho kabisa, mlinzi Oscar alipiga kichwa na mlinda mlango Dino Zoff, mzee wa miaka 40, akaudaka mpira ule kwenye mstari. Ungeingia, ingekuwa 3–3, na sare ilitosha kuwapeleka Brazili nusu fainali. Leo tungesema Rossi alifunga matatu bure. Kwa hiyo ndani ya alama ya Rossi imo mikono ya Zoff, na anayempa Rossi tisa lazima ajue kwamba sehemu ya tisa ile si yake.

Mfano wa pili ni wa Marekani, tarehe 28 Juni 1994. Urusi waliwafunga Kameruni 6–1, na mtu mmoja, Oleg Salenko, alifunga matano katika mchezo huo, jambo ambalo hakuna mwingine aliyepata kulifanya katika mechi moja ya fainali za Kombe la Dunia. L'Équipe la Ufaransa, gazeti linalojulikana kwa ubahili wa alama kuliko hata mwalimu wetu wa hesabu, lilimpa kumi. Kumi juu ya kumi! Hapo washabiki hugawanyika. Wako wanaosema mtu aliyefunga matano asipopewa kumi, kumi imewekewa nani? Wako wanaosema bao moja lilikuwa la penalti, na Kameruni walikuwa wamesambaratika kwa migogoro yao wenyewe. Tena Urusi, pamoja na mabao yote hayo, walitolewa katika hatua ile ile. Nami huwauliza wote wawili: na Roger Milla je? Aliingia kipindi cha pili akiwa na miaka 42, na mara tu baada ya kuingia akafunga bao pekee la Kameruni. Mpe ngapi mzee huyo, katika timu iliyofungwa sita? Ukimpa nane utaambiwa unaleta huruma. Ukimpa nne utakuwa umempima kwa makosa ya walinzi wake. Mnaona, basi, kwamba ubishi wenyewe si juu ya namba. Ni juu ya swali ambalo hatujaliuliza: tunapima juhudi ya mtu, au matokeo ya timu?

Zamani sisi tulikuwa na udhuru. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, na mpira tuliusikiliza redioni. Mtangazaji ndiye aliyekuwa macho yetu. Mchezaji aliyetajwa sana tulimpa alama nyingi, na aliyekaa mahali pake kwa utulivu, akaziba njia mpira usipite, hakutajwa, basi akapata chache. Simba walipowafunga Yanga 6–0 mwaka 1977, Abdallah Kibadeni alifunga matatu, na mpaka leo jina lake linatajwa hata na vijana ambao baba zao walikuwa hawajaoa. Ni haki yake. Lakini muulize kijana huyo ni nani waliompelekea mipira siku ile, atakutazama kama umemwuliza jina la bibi yake mzaa bibi.

Siku hizi udhuru huo umekwisha, ila umekuja mwingine. Ziko programu katika simu zinazompa kila mchezaji alama yenye nukta, mathalani 7.3, mpira ukiwa bado unachezwa. Wajukuu zangu hunionyesha simu kana kwamba imeandikwa na malaika. Kazi yake si ya ajabu. Kila mchezaji huanzishwa na alama sita hivi, kisha pasi iliyofika, shuti, mpira ulionyang'anywa na kosa lililofanywa huongeza au kupunguza kidogo kidogo. Ni hesabu nzuri, na haina Simba wala Yanga. Lakini huhesabu zaidi yale yanayotendwa mpira ukiwa mguuni au karibu nao. Mlinzi anayesimama vizuri hata mshambuliaji akaghairi kupita kwake, ataandikiwa nini? Mshambuliaji anayekimbia kushoto akimvuta beki ili mwenzake apate nafasi kulia, nani atamhesabia mbio zile? Mashine ni msahihishaji mwaminifu wa maswali ya kuchagua jibu. Insha bado inataka mtu wa kuisoma.

Bwana Mwenyekiti, kama jambo hili lingekuwa la kuchekesha tu nisingewachosha nalo baada ya pilau. Lina upande wake mchungu.

Mwaka 1950, tarehe 16 Julai, Brazili walicheza na Uruguay uwanjani Maracanã, wakihitaji sare tu ili watwae Kombe la Dunia. Walitangulia kufunga. Kisha winga wa Uruguay, Ghiggia, alipita kulia akatoa krosi, Schiaffino akasawazisha. Dakika ya 79 Ghiggia alipita tena kulia. Mlinda mlango Moacir Barbosa alihesabu kwamba itakuja krosi kama ile ya kwanza, akasogea hatua moja kuizuia. Ghiggia akapiga moja kwa moja, mpira ukapita kati ya kipa na nguzo ya karibu. Brazili ikafungwa 2–1. Mwalimu yeyote mwenye haki angesema: hesabu yake ilikuwa na msingi, jibu halikutoka. Mkatie alama. Lakini taifa zima lilimkatia maisha. Alifariki mwaka 2000, na katika uzee wake alikuwa akisema kwamba kifungo kirefu kabisa nchini mwao ni miaka 30, ila yeye amekitumikia 50 kwa jambo ambalo si kosa la jinai.

Msiseme hayo ni ya Brazili. Hapa kwetu timu ikifungwa mechi kubwa, neno la kwanza ni kwamba kipa “ameuza.” Katika mtaa ninaokaa aliwahi kuishi kijana mlinda mlango aliyepitwa na mpira mmoja mchana wa jua kali. Jioni ile alama yake ilikuwa tatu, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliomwona, nami nasema tatu ilimstahili. Kesho yake tatu ikawa rushwa. Keshokutwa mama yake akawa hawezi kwenda sokoni bila kuulizwa mwanawe amelipwa shilingi ngapi. Hakuna aliyekuwa na ushahidi hata wa senti tano. Angalieni njia hiyo ilivyo fupi: toka “amecheza vibaya,” hadi “ametaka kucheza vibaya,” hadi “ni mtu mbaya.” Hatua ya kwanza ni haki ya mshabiki aliyelipa kiingilio. Ya pili na ya tatu ni uzushi.

Kwa hiyo naomba kuwapendekezea mwongozo mdogo wa kusahihishia, wenye maswali matatu. Kwanza: mchezaji huyu alitumwa kazi gani? Beki aliyeambiwa asivuke mstari wa kati asikatwe alama kwa kutofunga. Pili: alisaidiwa na nani, na aliangushwa na nani? Tatu: je, nilimtazama alipokuwa hana mpira? Mtu asiyeweza kujibu maswali haya anywe kahawa yake na kuwaachia wengine alama. Na anayeweza kuyajibu abishe mpaka usiku wa manane, kwa maana ubishi wa namna hiyo ni darasa. Nimejifunza mpira kwa watu waliopingana nami kuliko kwa walioniunga mkono.

Nasi wa shule hii tuna sababu zaidi ya kulikumbuka jambo hili. Humu ukumbini wamo waliopata daraja la kwanza na wamo waliopata la nne, na mgeni akiingia sasa hivi akaambiwa awatenganishe kwa kutazama maisha waliyoyajenga, atashindwa. Alama zile zilikuwa za kweli, nami baadhi nilizitoa kwa mkono wangu. Zilikuwa za kweli kwa karatasi ile, siku ile. Mchezaji naye tumpe haki hiyo hiyo. Tumpe tatu akistahili tatu, bila kumwonea haya. Kisha Jumamosi ijayo aingie uwanjani na karatasi nyeupe.

Naona Katibu ametazama saa yake mara mbili. Alama zangu mtanipa wenyewe mkiwa njiani kwenda nyumbani.