KIZAZI KUINAMA NYUMA SI LAANA
(Mada iliyotolewa na mwuguzi mkunga katika semina ya kamati za afya za parokia)



Ndugu wajumbe wa kamati, ndugu wafadhili wetu, nimeombwa nizungumzie jambo ambalo akina mama hulisema kwa kunong'ona: kubeba mimba huku kizazi kimeinama nyuma.

Mwanamke hupimwa kwa altrasaundi, akaambiwa, "Kizazi chako kimelala nyuma." Neno hilo likifika nyumbani linakuwa, "Kizazi kimegeuka, huyu hazai." Mawifi wanaanza maneno, mume anashauriwa atafute mwingine, na mama anapelekwa kukandwa tumbo ili kizazi "kirudi".

Ukweli ni huu. Kwa wanawake wengi kizazi huinama mbele, juu ya kibofu cha mkojo. Lakini kwa karibu mwanamke 1 kati ya 5, huelekea mgongoni. Wengi wao ndivyo walivyoumbwa, kama wengine wanavyozaliwa na mkono wa kushoto. Hali hiyo peke yake si ugonjwa, na kwa kawaida haizuii mimba. Mama akichelewa kupata mtoto, itafutwe sababu nyingine, kwa mfano maambukizi ya nyonga yaliyoacha makovu. Na mume naye apimwe.

Mimba inapokua, kizazi hupanda chenyewe kutoka ndani ya nyonga, mara nyingi kati ya wiki ya 12 na ya 14. Baada ya hapo mama huendelea na mimba na kujifungua kama wenzake. Hakuna haja ya kukandwa. Kukanda tumbo lenye mimba kunaweza kumdhuru mama na mtoto.

Lipo jambo moja la kushika sana. Mara chache, takriban mimba 1 kati ya 3,000, kizazi hushindwa kupanda, kikakwama ndani ya nyonga na kubana njia ya mkojo. Mimba huwa na miezi mitatu hadi minne. Mkojo unakataa kutoka au unatoka matone matone, tumbo la chini na mgongo vinauma, na choo kinakuwa kigumu. Ni rahisi kudhani ni maambukizi ya njia ya mkojo, mama akapewa vidonge na kurudishwa nyumbani. Huyo asirudi nyumbani! Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Atawekewa mpira wa mkojo, na daktari atajaribu kukirudisha kizazi mahali pake. Akiwahi, mara nyingi mimba huendelea salama.

Ninayo maombi matatu. Kwanza, tangazeni katika jumuiya ndogo ndogo kwamba mjamzito aanze kliniki kabla ya wiki ya 12. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio 8, na altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Pili, kila kigango kiwe na mtu wa kupigiwa simu na fedha kidogo za usafiri wa dharura. Hapa ndipo mchango wa wafadhili unapookoa maisha. Tatu, akina baba wawasindikize wake zao, wayasikie haya kwa masikio yao. Mume aliyeelewa hamfukuzi mke wake kwa sababu ya neno la kipimo.